Joseph Whitworth: bunduki yake ilikataliwa, nati zake zikatawala soko

Mhandisi Joseph Whitworth alizaliwa mwaka 1803 mjini Stockport, Uingereza. Baada ya kujifunza kazi London katika karakana ya Henry Maudslay, alifungua karakana yake Manchester mwaka 1833.

Wakati huo kila kiwanda kilichonga bolti kwa kipimo chake. Nati ikipotea, mwenye mashine alilazimika kumrudia fundi yule yule na kulipa bei anayotaja. Mwaka 1841 Whitworth alipendekeza kipimo kimoja cha nyuzi za bolti, chenye pembe ya digrii 55. Kampuni za reli zilikipokea, viwanda vingine vikafuata.

Mwaka 1854 serikali ilimwomba asaidie utengenezaji wa bunduki za jeshi. Yeye alitaka kwanza kujua kwa nini risasi hukosa shabaha. Alijengewa banda la majaribio la yadi 500, upepo usivuruge vipimo. Alipunguza tundu la mtutu kutoka inchi 0.577 hadi 0.451, akalipa pembe sita, na kuifanya risasi ijizungushe mara moja kila inchi 20, badala ya inchi 78 za bunduki ya Enfield.

Katika majaribio ya mwaka 1857, bunduki yake ilipiga shabaha umbali wa yadi 2,000; Enfield iliishia yadi 1,400. Mwaka 1860 huko Wimbledon, Malkia Victoria alifungua mashindano kwa kuvuta kamba iliyofungwa kwenye kifyatulio cha bunduki ya Whitworth iliyokazwa kwenye stendi, mkono usiitikise. Risasi ilipiga inchi moja na robo kutoka katikati, umbali wa yadi 400.

Hata hivyo jeshi la Uingereza liliikataa. Bei yake ilikuwa takriban mara nne ya Enfield, na tundu lake dogo lilijaa masizi upesi. Wateja wengine walijitokeza, wakiwemo wadunguaji wa majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani.

Whitworth alifariki Monte Carlo Januari 1887, akiwa ameanzisha ufadhili wa wanafunzi wa uhandisi.

Leo bunduki yake imebaki makumbusho. Lakini kiungio cha bomba la maji cha inchi nusu kinachouzwa Kariakoo bado kina nyuzi za digrii 55. Bidhaa bora ilishindwa kwa bei. Kipimo cha pamoja kilivuka mipaka.