Imam Ghazali, Yatima wa Tus

Imam Abu Hamid al-Ghazali alizaliwa Tus, nchi ya Khurasani, mwaka wa 450 Hijria (1058). Babaye, msokota sufu, alikufa akamwachia rafiki yake wanawe wawili wadogo na akiba haba. Akiba ilipokwisha, rafiki yule, naye fakiri, aliwashauri waingie madrasa, kwani huko wanafunzi walilishwa. Wakaenda kwa ajili ya chakula! Ghazali mwenyewe hakuficha baadaye kwamba hawakuitafuta elimu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, nayo elimu ikakataa kuwa ila Yake.

Hapa twapenda kusimama kidogo. Wako wenzetu wahisabuo sala zao kama mwenye duka ahisabuvyo senti, wakidhani Mola hawatazami mpaka hisabu itimie. Yatima yule alikuwa na amali gani ya kuonyesha? Njaa tu.

Mwaka wa 488 (1095), akiwa mudarisi mkuu wa Nidhamiyya ya Baghdad, ulimi wake ulifungika asiweze kusomesha, na matabibu wakashindwa. Akamlilia Mola kama mtu asiye na hila, akasahilishiwa kuacha cheo na mali, akatoka kwenda Sham. Mwishowe alirejea kwao Tus, akajenga madrasa jirani na nyumba yake, akafa huko mwaka wa 505 (1111).