Tabibu Aliyewaangalia Wenye Kifafa

Katika nyumba nyingi za miji yetu ya pwani, mtoto akianguka kifafa neno la kwanza kutajwa ni pepo. Ubani hufukizwa, mganga huitwa, fedha hutoka, na mtoto hufichwa ndani kana kwamba ni aibu. Kwa hivyo twaona ni wajibu wetu kuwasimulia wasomaji habari za mtu aliyetumia umri wake kuuliza: maradhi haya huanzia wapi? Hakuwa Mwislamu, walakini elimu yenye manufaa huchukuliwa popote ilipo. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alijifunza katika vitabu vya Wayunani, na katika Qanuni yake akakiweka kifafa miongoni mwa maradhi ya kichwa.

John Hughlings Jackson alizaliwa mwaka 1835 huko Yorkshire, Uingereza. Mamaye alifariki naye angali mtoto mchanga. Alisoma utabibu York na London, akahitimu mwaka 1856, kisha akakaribia kuuacha ashike falsafa. Rafiki yake Jonathan Hutchinson akamzuia. Mwaka 1862 aliingia kazini katika hospitali ya Queen Square, London, iliyoanzishwa mwaka 1859 kwa ajili ya waliopooza na wenye kifafa. Aliyemtia moyo kushika njia hiyo ni Brown-Séquard, tabibu mzaliwa wa kisiwa cha Mauritius, katika Bahari yetu hii ya Hindi.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuangalia kwa subira. Aliona kuwa wagonjwa wengine hawaanguki kwa mara moja. Mtukutiko huanza katika kidole gumba, au pembe ya mdomo, au kidole kikubwa cha mguu, kisha hupanda kwa taratibu ile ile kila mara, na mgonjwa yu macho. Wagonjwa kama hao walipofariki, ubongo ulipochunguzwa ulionekana una dhara upande wa pili wa ule uliotukutika. Akatambua kuwa kila kiungo kina mahali pake katika tabaka la juu la ubongo. Mwaka 1870 alitoa maandishi yake juu ya jambo hilo, na mwaka 1873 akaeleza kuwa kifafa ni nguvu za ubongo kutoka kwa ghafula na kwa kupita kiasi. Mwaka huo huo David Ferrier aliitia umeme bongo za wanyama, akaona viungo vinatikisika kama Jackson alivyokisia.

Msiba nao ukaingia nyumbani kwake. Mkewe Elizabeth, waliyeoana mwaka 1865, alipatwa na ugonjwa wa mishipa ya damu ya ubongo, akawa anashikwa na mitukutiko ya namna ile ile aliyoichunguza mumewe. Alifariki mwaka 1876. Hawakujaliwa watoto, naye Jackson hakuoa tena. Dawa iliyokuwako zama zile ni bromaidi, ambayo hupunguza kuanguka na huzubaisha akili.

Mwaka 1886, naye akiwapo, Victor Horsley alimpasua kijana mmoja kichwa, akaondoa kovu la ubongo lililokuwa asili ya kifafa chake, na kijana akapata nafuu. Jackson alifariki mwaka 1911. Mwaka uliofuata Alfred Hauptmann alionyesha manufaa ya fenobabitali, dawa inayotumika hata leo. Na mwaka 1929 Hans Berger alitangaza kuwa umeme wa ubongo waweza kuchorwa kwa chombo.

Ndugu zetu, mwanamke mmoja aliyekuwa akianguka alimwendea Bwana Mtume (S.A.W.). Hakufukuzwa wala hakutahayarishwa, bali aliahidiwa Janna kwa subira yake. Na Mtume huyo huyo ametuamuru tujitibu. Kifafa hakiambukizi, wala povu la mgonjwa halina sumu. Akianguka, alazwe ubavu, asitiwe kitu kinywani. Kisha apelekwe hospitali, apewe dawa kila siku bila kukatisha. Wengi wanaofanya hivyo huacha kuanguka kabisa. Tumwombee dua, na dawa tumpe. Anayempeleka mwanawe kupungwa huku dawa ipo, na ajue kuwa siku anazozipoteza si zake, ni za mtoto.

Wabillahi taufiq.