Mwenda Jean Bosco: mfanyakazi wa benki aliyebadili upigaji wa gitaa Afrika Mashariki

Mwaka 1952, katika mji wa migodi wa Jadotville, kusini mwa Kongo ya Wabelgiji, Mwingereza mmoja aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo ya kurekodi sauti alikutana barabarani na kijana mwenye gitaa. Mwingereza huyo alikuwa Hugh Tracey, ambaye miaka miwili baadaye angeanzisha maktaba kubwa ya muziki wa Kiafrika huko Afrika Kusini. Kijana alikuwa na umri wa miaka 22 na aliitwa Mwenda Jean Bosco. Miongoni mwa nyimbo zilizorekodiwa mwaka huo ulikuwamo mmoja uitwao Masanga, nao ndio uliompa jina ambalo hadi leo halijafutika miongoni mwa wapiga gitaa.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, si mbali na Jadotville, mji ambao sasa unaitwa Likasi. Bunkeya haikuwa kijiji hivi hivi. Katika karne ya 19 ilikuwa makao makuu ya Msiri, mfanyabiashara aliyetoka upande wa Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, akajijengea dola iliyotawala njia za shaba, pembe za ndovu na watumwa. Msiri aliuawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa niaba ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Watu wake, Bayeke, walibaki, na Mwenda lilikuwa mojawapo ya majina ya Msiri mwenyewe. Hivyo mwanamuziki huyu alibeba jina la kifalme. Jina lake la ubatizo lilitokana na mtakatifu Giovanni Bosco wa Italia, mwanzilishi wa shirika la Wasalesiani, ambao walikuwa na misheni na shule katika jimbo la Katanga.

Katanga ya utoto wake ilikuwa nchi ya shaba. Kampuni ya Union Minière ilihitaji maelfu ya wafanyakazi, na kwa kuwa wenyeji hawakutosha, ikawatafuta mbali, pamoja na hapa Ruanda-Urundi. Warundi waliopelekwa kule kati ya vita viwili vya dunia waliishi katika kambi za migodi pamoja na Waluba, Wabemba na wengine wengi, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha kazi na cha mtaani, kinachosema batu mahali pa watu, na walimu wa lugha sanifu hawakukipenda hata kidogo. Msikilizaji wa Buyenzi hakioni kuwa kigeni. Mwenda alitunga na kuimba kwa Kiswahili hicho, bila kukisafisha ili kimpendeze mtu yeyote.

Gitaa nalo lilikuwa mgeni kambini. Lilikuja na wafanyakazi, mabaharia na maduka ya miji mipya, na vijana walilijifunza kwa kutazamana. Kulikuwa na santuri za muziki wa Kuba, hasa za Trio Matamoros, kulikuwa na sinema za wachunga ng'ombe wa Marekani ambamo shujaa huimba na gitaa lake, na kulikuwa na ngoma za nyumbani, za Katanga na za ng'ambo ya mpaka, nchini Zambia ya leo. Mwenda alivisikia vyote hivyo. Mtu anayeisikiliza Masanga kwa mara ya kwanza huweza kudhani wapigaji ni wawili, ilhali ni mmoja tu, tena anayetumia vidole viwili vya mkono wa kulia: gumba na cha shahada. Gumba linashika sauti za chini na kuzitembeza, kidole cha shahada kinacheza juu, na mapigo ya viwili hivyo hayaangukii mahali pamoja. Kila mzunguko ukirudi, kitu kimebadilika kidogo. Uzuri wa wimbo umo katika mabadiliko hayo madogo, na ndiyo sababu waigaji wake wengi walipata umbo lake wakakosa uhai wake.

Santuri zake zilitolewa na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Upande mmoja wa sahani za wakati huo ulibeba takriban dakika tatu tu za sauti, na dakika hizo zilitosha kumfikisha Mwenda Rhodesia, Nyasaland, Tanganyika na Kenya. Nyimbo nyingine kama Bombalaka na Tambala Moja zilifuata njia hiyo hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikwenda Nairobi, ambako alikuwa na kipindi chake redioni na akautangaza kwa nyimbo mdhamini wake, dawa ya maumivu ya Aspro. Huenda leo jambo hilo likachekesha. Wakati huo, hata hivyo, matangazo ya biashara yalikuwa miongoni mwa njia chache za mwanamuziki Mwafrika kulipwa kwa uhakika, na jamaa yake Edouard Masengo, naye mpiga gitaa hodari kutoka Katanga, aliimba sifa za Coca-Cola.

Kukaa kwake Nairobi kulikuwa kwa muda mfupi, lakini athari yake ilidumu. Vijana wa Kenya waliokuwa wakipiga gitaa kwa kukwangua nyuzi zote pamoja waliona kuwa chombo kimoja kinaweza kusema kwa sauti mbili. Upigaji wa vidole ukaenea, hasa magharibi mwa nchi. Si haki kusema kwamba kila mpigaji wa huko alikuwa mwanafunzi wake, kwani George Mukabi, kwa mfano, alikuwa na mtindo wake wa omutibo wenye mizizi ya nyumbani kwao. Hata hivyo ni vigumu kueleza gitaa la Kenya la miaka ile bila kumtaja mtu huyu wa Bunkeya.

Wataalamu nao walimfuata. Mwaka 1961 na 1962, David Rycroft, msomi wa Chuo Kikuu cha London, alichapisha uchambuzi wa sehemu mbili kuhusu gitaa la Mwenda, akiandika kwa nota kile kilichopigwa na vidole vile viwili. Hapo pana jambo la kufikirisha. Kwa miaka mingi muziki wa Kiafrika uliorekodiwa na wageni uliwekwa kwenye makabati kama mali ya kabila, usio na mwenyewe. Kwa Mwenda haikuwezekana. Kila toleo la Masanga lilitofautiana na jingine, na tofauti hizo zilikuwa maamuzi ya mtu mmoja mwenye jina. Alikuwa mtunzi kwa maana kamili ya neno hilo, na walioandika juu yake walilazimika kumtambua hivyo.

Sifa hizo hazikumfanya aishi kwa gitaa peke yake. Aliishi sehemu kubwa ya maisha yake Elisabethville, mji ulioitwa Lubumbashi kuanzia mwaka 1966, na huko alifanya kazi benki, akajishughulisha na biashara, akawa pia katika utawala wa kampuni ya migodi ya Gécamines. Alikuwa na bendi yake mwenyewe, kwani nyakati zilikuwa zimebadilika: rumba ya Léopoldville, yenye magitaa ya umeme na tarumbeta, ilikuwa imeifunika sauti ya mtu mmoja aliyeketi na gitaa kavu. Katanga yenyewe ilijitenga mwaka 1960, ikarudishwa kwa nguvu mwanzoni mwa 1963. Mobutu alipoanzisha siasa yake ya uasilia na kupiga marufuku majina ya Kikristo, Katanga ilikuwa imegeuka Shaba, Kongo imegeuka Zaire, na Jean Bosco akajulikana kama Mwenda wa Bayeke. Kwake mabadiliko hayo yalikuwa mepesi kuliko kwa wengi, maana jina la mababu alikuwa nalo tangu mwanzo.

Mwaka 1969 alialikwa kwenye tamasha la muziki wa asili la Newport, nchini Marekani. Miaka kumi baadaye Mwingereza John Low, mpiga gitaa aliyempenda kupitia santuri za zamani, alisafiri hadi Lubumbashi kuwatafuta mafundi wa miaka ya 1950, akamkuta Mwenda akiwa hai na shughuli zake, na safari hiyo akaiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1982. Kwa wapenzi wa Ulaya ilikuwa kama kumpata mtu aliyedhaniwa amepotea. Lubumbashi hakuna aliyedhani amepotea. Alikuwa jirani, mtu wa ofisi na biashara.

Mwaka 1988 aliingia studio mjini Cape Town na kurekodi upya nyimbo zake, safari hii kwa mitambo ya kisasa na kwa muda wa kutosha, bila kubanwa na dakika tatu za santuri. Mkono ni ule ule, ingawa mwendo umetulia zaidi. Wanaotaka kumsikia vizuri huanza na rekodi hizo, kisha hurudi kwenye zile za 1952 zenye mikwaruzo.

Katika miaka yake ya mwisho alimiliki hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Septemba 1990 alifariki dunia katika ajali ya gari nchini Zambia, akiwa na umri wa miaka 60.