Bibi Rufayda al-Aslamiyya, Mwuguzi wa Msikiti wa Mtume

Kila aliyepita skuli amesikia khabari za Florence Nightingale, yule bibi wa Kiingereza aliyekwenda Scutari mwaka 1854 kuwauguza askari wa vita vya Crimea. Sifa yake ni ya haki, wala Uislamu haukutufundisha kumnyima mtu sifa aliyoichuma kwa kazi yake. Lakini tukiwauliza watoto wetu, Rufayda ni nani? wengi watanyamaza, na tukiwauliza wazee wao, huenda nao wakanyamaza. Naye Bibi Rufayda aliwauguza majeruhi wa vita katika mji wa Madina miaka zaidi ya 1,200 kabla ya huyo, tena si pembeni mwa mji, bali ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.).

Bibi huyu alikuwa katika kabila la Aslam. Khabari yake imetajwa na Ibn Is-haq katika Sira, na Imamu Bukhari ameipokea katika kitabu chake Al-Adab al-Mufrad kwa njia ya Mahmud bin Labid. Ibn Saad naye amemtaja bibi wa Kiaslamiyya mwenye hema msikitini aliyemwuguza Saad bin Muadh, ila yeye amemwita Kuayba bint Saad. Katika wanavyuoni wako waliosema kuwa hao ni ndugu wawili, na wako waliosema kuwa ni mtu mmoja mwenye majina mawili. Ama hizi khabari ndefu zinazoenezwa siku hizi, kwamba baba yake alikuwa tabibu mkubwa, na kwamba alikuwa na chuo cha kuwafundisha mabibi wa Madina, hazimo katika mapokezi hayo tuliyoyataja. Nasi hatuna haja ya kumpamba kwa tusiyoyathibitisha, kwani yaliyothibiti yatosha.

Yaliyothibiti ni haya. Katika mwaka wa 5 wa Hijra, uliowafikiana na mwaka 627, Makureshi na makabila waliofungamana nao waliuzingira mji wa Madina, nao ni kiasi cha watu 10,000, na Waislamu ni 3,000 nyuma ya handaki walilolichimba. Katika siku hizo Saad bin Muadh, mkubwa wa Aus, alitoka kwenda vitani amevaa deraya fupi isiyomfunika mikono. Bibi Aisha (r.a.) alimwona akipita, akamwonea khofu kwa mikono ile iliyo wazi. Na khofu ile ikawa kweli, kwani alipigwa mshale ukakata mshipa wa mkono uitwao akhal, nao ni mshipa ambao ukikatika damu yake ni taabu kuzuilika.

Mtume (s.a.w.) aliichoma jeraha ile kwa moto ili kuifunga damu, na mkono ulipofura aliichoma mara ya pili. Kisha akaamrisha Saad awekwe katika hema ya Rufayda iliyokuwa msikitini, ili awe karibu naye apate kumzuru. Ikawa kila apitapo jioni humwuliza hali yake ya jioni, na kila apitapo asubuhi humwuliza hali yake ya asubuhi, na Saad humweleza.

Ndugu msomaji, tusiipite khabari hii upesi. Saad alikuwa na jamaa wengi na nyumba yake, naye ni bwana wa watu wake. Hakukosa pa kulala. Lakini mtu mwenye jeraha ya namna ile hatoshelewi na wingi wa jamaa waliomzunguka wakilia. Amhitaji mtu ajuaye kazi, atakayeiangalia jeraha usiku na mchana, aijue damu inapoanza kutoka tena na uvimbe unapozidi. Mtume (s.a.w.) alimtoa katika mikono ya wampendao akamtia katika mikono ya ajuaye. Na huyo ajuaye alikuwa mwanamke.

Wala Saad hakuwa peke yake katika kutazamwa na bibi huyu. Ibn Is-haq ameeleza kuwa alikuwa akiwatibu majeruhi, na alikuwa ameitoa nafsi yake kuwakhudumia Waislamu waliodhoofika wasio na wa kuwaangalia, akitaraji malipo kwa Mwenyezi Mungu. Basi hema ile ilimkusanya bwana wa Aus na maskini asiye na mtu.

Saad alipoitwa kwenda kuhukumu katika jambo la Bani Quraydha, watu wake walimpandisha juu ya punda waliyemtandikia takia la ngozi, akaenda, kisha akarejea hemani. Alikuwa amemwomba Mola wake kwamba ikiwa vita na Makureshi vimekwisha, basi jeraha ile ifumuke na iwe ndiyo sababu ya shahada yake. Usiku mmoja ikafumuka. Watu wa Bani Ghifar waliokuwa na hema humo msikitini walishtushwa na damu ikiwatiririkia, na Saad akafariki dunia. Mtume (s.a.w.) akatoa khabari kwamba Arshi ya Mwenyezi Mungu ilitikisika kwa mauti yake.

Mgonjwa mashuhuri kuliko wote wa Bibi Rufayda alikufa mikononi mwake, wala hatukusoma popote kuwa Mtume (s.a.w.) alimlaumu, au kuwa Aus walimtukana. Walijua kuwa uuguzi ni wajibu wa mja na uhai ni milki ya Mola. Na wayasikie haya wale wanaoingia hospitali kumzuru mgonjwa wao, na akifa huwageukia wauguzi kwa maneno makali, hali watu hao walikesha wakati wao wamelala.

Bibi Rufayda hakuwa wa pekee. Siku ya Uhud Bibi Fatima (r.a.) aliosha damu usoni mwa baba yake na Ali akimmiminia maji kwa ngao, na alipoona maji yazidisha damu alichoma kipande cha mkeka akaitia jivu lake jerahani, damu ikasita. Bibi Rubayyi bint Muawwidh alikuwa akienda vitani pamoja na mabibi wenziwe kuwanywesha watu maji na kuwatibu majeruhi. Na Bibi Umm Atiyya alitoka na Mtume (s.a.w.) katika vita saba, akipika chakula, akitibu majeruhi na kuwaangalia wagonjwa.

Kwa khabari hizi Imamu Bukhari aliweka mlango katika Sahihi yake juu ya mwanamume kumtibu mwanamke na mwanamke kumtibu mwanamume, na Ibn Hajar akaeleza kuwa yajuzu panapokuwa na dharura, na dharura hupimwa kwa kadiri yake, katika kutazama na katika kugusa. Basi mwanamume akipata mwanamume wa kumwuguza ni bora, na mwanamke akipata mwanamke ni bora. Lakini asemaye kuwa kazi yenyewe ni aibu kwa binti wa Kiislamu, huyo amewatia aibuni wale ambao Mtume (s.a.w.) aliwaridhia.

Na twajua kuwa wako miongoni mwetu wazazi wanaomkatalia binti yao kusomea uuguzi, wakiogopa maneno ya watu. Kisha siku mama yao apasuliwapo hospitali, wao ndio wa kwanza kunung'unika kuwa hakuna Mwislamu mwanamke wa kumwogesha na kumfunika. Atatoka wapi, nasi ndio tuliomfungia mlango?

Tena uuguzi si upole peke yake, ni elimu. Aliyepasuliwa haponi kwa kisu cha daktari tu. Hupona kwa yule aoshaye mikono kabla ya kugusa jeraha, ampimaye homa na mapigo ya moyo kwa saa zake, amgeuzaye ubavu asiote vidonda vya kulala, na amsaidiaye kuinuka na kutembea mapema damu isije ikaganda miguuni. Waislamu wa kale walilijua hili. Katika hospitali ya Sultani Qalawun, iliyojengwa Kairo mwaka 1284, kulikuwa na mahali pa wenye homa, na mahali pa wenye majeraha, na mahali pa wanawake, na kila pahali pana wakhudumu wake.

Basi yule mwenye binti aliye na moyo wa kazi hii na akili ya kuisoma, asimzuie. Amfundishe dini yake na stara yake, kisha amwache aende akaisome kazi ya Rufayda, na yeye mzazi atakuwa na fungu lake katika kila mgonjwa atakayepata raha kwa mkono wake.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bibi Rufayda, awaponye wagonjwa wetu, na awalipe kheri wanaowakeshea. Amin.