Muhammed Said Abdulla: Mwana wa Makunduchi aliyetufunza kuuliza

Kuanzia Matemwe mpaka Makunduchi, mwanafunzi anayeuliza sana darasani huitwa mjuaji. Wenzake wanamcheka, na siku ya pili ananyamaza.

Lakini shujaa mmoja maarufu wa riwaya za Kiswahili hakuwa na bunduki wala cheo. Silaha yake ilikuwa swali. Ni Bwana Msa, na aliyemtunga ni Muhammed Said Abdulla.

Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918. Alipomaliza skuli mwaka 1938 akaajiriwa kuwa bwana afya, kazi ya kupita na kukagua. Miaka 10 baadaye akaingia magazetini. Alihariri Zanzibari, kisha akawa mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Mwaka 1958 akashika jarida la kilimo, Mkulima, mpaka alipostaafu mwaka 1968.

Kazi zote hizo zina sharti moja: uliza kwanza, andika baadaye.

Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957/58, ikatoka kitabu mwaka 1960. Ndani yake Bwana Ali anauawa, na maiti yake inakutwa mzimuni. Watu wanaingiwa na hofu, maana ya mizimu hayaulizwi.

Bwana Msa yeye anawasha kiko chake na kuuliza. Nani alikuwa wapi? Kwa nini hivi na si vile? Taratibu inajulikana kuwa muuaji si mzimu, ni binadamu.

Somo liko hapo hapo. Watu wakiogopa kuuliza, muuaji anapona.

Abdulla aliendelea na Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na vingine. Mwaka 1984 akatoa Kosa la Bwana Msa. Jina lenyewe linatosha kukumbusha kuwa hata hodari hukosea, na kukosea si mwisho wa kutafuta jibu.

Alifariki mwaka 1991, lakini vitabu vyake vinasomwa mpaka leo.

Basi kesho mtoto wa Matemwe akinyoosha mkono na kuuliza kwa nini, asichekwe. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kutoka darasani na swali lako mfukoni.