'Tatu': Kipa mwenye pumu aliyepita jangwani, akaibukia Kigoma

KABLA ya lami, mtu aliyetoka Kibondo kwenda Kasulu na pikipiki wakati wa kiangazi alifika akiwa mwekundu kuanzia nywele hadi viatu, mnyororo unalia kwa vumbi. Masika ndiyo usiseme, hapo pikipiki ndiyo inampanda mtu. Watu wa huko hawana haja ya kuelezwa sana yaliyompata Ernesto 'Che' Guevara mwaka 1952, miaka 13 kabla hajatia mguu mkoani Kigoma kwa jina la bandia.

Che alizaliwa Juni 14, 1928 mjini Rosario, Argentina, mji uleule uliokuja kumtoa Lionel Messi. Familia yake ilihama akiwa bado mdogo, lakini timu yake ilibaki Rosario Central. Tatizo lake lilikuwa pumu, iliyomwanza tangu utotoni. Kukimbia dakika 90 ilikuwa shughuli, hivyo kwenye soka akawa kipa. Raga nayo aliicheza, akitoka nje ya uwanja kuvuta dawa kisha anarudi kugongana.

Januari 1952, akiwa mwanafunzi wa udaktari, aliondoka Buenos Aires na rafiki yake Alberto Granado wakiwa juu ya Norton 500 ya mwaka 1939. Pikipiki ilikuwa ya Granado, naye aliibatiza La Poderosa II, yaani Yenye Nguvu ya Pili. Nguvu gani sasa! Kwenye barabara za changarawe za Patagonia, upepo na mizigo viliwaangusha mara kwa mara. Kilichovunjika walikifunga kwa waya, wakaendelea.

Chile ndiko mambo yalikoharibika. Breki zilikatika kwenye mteremko, mbele yao wakatokea ng'ombe. Walimgonga mmoja mguuni, wakaishia pembeni ya barabara, wakanyanyuka wazima. Muda si mrefu chuma kikagoma kabisa, kikabebwa na lori hadi Santiago, na huko kikaachwa.

Mbele yao lilikuwa jangwa la Atacama, ambalo sehemu zake hupita miaka bila tone la mvua. Sasa hawana usafiri, hawana hela. Usiku mmoja wenye baridi kali walikutana na mchimba madini na mkewe, wakomunisti, wasio hata na blanketi. Wakawapa moja la kwao. Wengi wanaofuatilia maisha ya Che husema usiku ule ulimbadilisha kuliko kitabu chochote, na ni vigumu kubishana nao.

Walijaribu kulikata jangwa kwa miguu, jua likawashinda. Kilichowaokoa ni kabumbu. Walikuta mafundi wa barabara wakifanya mazoezi ya mechi ya Jumapili. Granado akavaa raba, akaanza kuonyesha vitu vyake. Jamaa wakachanganyikiwa, wakawasajili wote wawili papo hapo. Dau la usajili: malazi, chakula na lifti hadi Iquique. Jumapili timu yao ikashinda, mbuzi wakachomwa. Machu Picchu, nchini Peru, mchezo ukawa uleule. Che alikaa golini, akapangua mipira, na mwenye mpira, ambaye ndiye aliyekuwa meneja wa hoteli, akawapa pa kulala.

Leticia, Colombia, walichukuliwa kuwa makocha wa timu. Wachezaji walikuwa wabovu kiasi kwamba makocha wakaamua kuingia uwanjani wenyewe. Timu iliyoonekana kichekesho ikafika fainali ya mashindano ya siku moja. Ikaenda matuta. Che alipangua penalti moja, aliyojivunia kwenye barua kwa mama yake, ila kombe likaenda kwingine. Mashabiki wa Simba wanaokumbuka Juma Kaseja alivyowaliza Zamalek jijini Cairo mwaka 2003 wanajua kipa anavyojisikia siku kama ile. Tofauti ni kwamba Kaseja alitoka mshindi. Bogotá walikutana na Alfredo Di Stéfano, wakati huo wa Millonarios, akawapa tiketi za mechi dhidi ya Real Madrid.

Aprili 1965, Che si mwanafunzi tena. Ameshapigana Cuba na amekuwa waziri. Wapo wanaomwita shujaa, na wapo wasiomsamehe kwa watu waliopigwa risasi chini ya amri yake. Alitoka Dar es Salaam kwa gari hadi Kigoma, kisha akavuka Ziwa Tanganyika usiku kuingia Kongo. Wenzake walipewa majina ya namba kwa Kiswahili. Victor Dreke aliitwa Moja, mwingine Mbili, na yeye, mkubwa wao, akawa Tatu.

Miezi saba ile ilikuwa kipigo tu. Pumu ilimrudia, kuhara kukamkondesha, na alichukizwa na makamanda wa Kikongo waliokuwa wakistarehe Kigoma huku vijana wao wakifa ng'ambo. Novemba 21, 1965 alirudi Kigoma kwa boti, ameshindwa.

Oktoba 9, 1967 aliuawa La Higuera, Bolivia, akiwa na miaka 39. Mabaki yake yalipatikana mwaka 1997, yakazikwa Santa Clara, Cuba. Granado alihamia Cuba na kufariki huko mwaka 2011. Mjini Rosario, mashabiki wa Central bado hupeperusha bendera zenye sura ya kipa huyo jukwaani.