Fermat: mwanasheria aliyefika kileleni kabla ya Newton

Ikiwa uko Kidato cha Nne pale Bokoli, au popote Bungoma, lile swali la seng'enge unalijua. Una mita 40 za seng'enge na unataka boma la kuku la mstatili, lenye eneo kubwa kabisa. Upande mmoja ni x, wa pili 20 − x, eneo x(20 − x). Unatafuta mteremko wa grafu, unauweka sawa na sufuri, umemaliza.

Ukiulizwa nani alianza, utasema Newton. Hebu ngoja kidogo.

Pierre de Fermat alizaliwa Beaumont-de-Lomagne, kusini mwa Ufaransa, baba yake akiwa tajiri wa biashara ya ngozi. Alisomea sheria, na mwaka 1631 akaingia mahakama kuu ya Toulouse. Hisabati ilikuwa ya saa za mapumziko tu, ati!

Ujanja wake ulikuwa huu. Badala ya x aliweka x + e, e ikiwa kitu kidogo sana. Karibu na kilele eneo halibadiliki sana, kwa hivyo akayachukua maeneo yote mawili kuwa sawa. Jaribu na boma lako: ukiondoa yanayofanana, inabaki 20e − 2xe − e² = 0. Gawa kwa e, kisha itupe e iliyosalia. x ni 10, eneo mita mraba 100. Na kwa kuwa hakuna boma lenye upana hasi, x inabaki kati ya 0 na 20, nalo eneo haliwezi kupita hiyo 100.

Umeona kasoro? Kwanza e si sufuri ndiyo maana unagawa, halafu ghafla ni sufuri. Mwaka 1638 René Descartes aliishambulia njia hiyo vikali, wakazozana kwa barua kupitia mtawa Mersenne wa Paris, hadi Descartes akalegeza msimamo.

Kosa la Fermat, naona mimi, lilikuwa kutochapisha. Aliridhika na barua. Mwaka 1653 tauni ilimwangusha hata habari zikaenea kwamba amekufa, kumbe yuko hai. Alifariki Castres tarehe 12 Januari 1665, na mwanawe Samuel akachapisha maandishi yake mwaka 1679. Wakati huo Newton alikuwa na kalkulasi yake tayari, ingawa baadaye alikiri kwamba dokezo alilipata kwa jinsi Fermat alivyochora tanjiti.